Mtungi Usiojua Kusema Rudini

Wewe hapo, unayechekea upande mmoja wa mdomo, hebu ufute huo mcheko. Bado sijafungua kinywa, wewe umeshaniona mwongo. "Ah, pimbi hawezi kunguruma kama simba." Nani kakuambia? Umelala pango moja na pimbi ukamhesabia sauti zake? Basi nyamaza. Asiyeamini mlango ule pale, na nje kuna umande. Anayebaki atege masikio, na asiniulize kitu mpaka nimalize.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakisonga ugali na kusengenyana vibarazani kama sisi, palikuwa na nchi iitwayo Majabali. Mfalme wake alikuwa Simba, mtu mzima, mkali lakini si dhalimu. Nchi hiyo ilikuwa na mila yake: jioni hakuna aliyefunua chungu mpaka mfalme angurume. Jua likigusa mawe, Simba hutoka barazani kwake, hujinyoosha, kisha, Nguuuuru! Hapo vifuniko huinuliwa nchi nzima, kwa! kwa! kwa! Mvuke unapanda, watoto wanameza mate, watu wanakula. Ndiyo ilikuwa namna ya mfalme kuwaambia watu wake: nipo, kuleni kwa amani.

Na fisi ng'ambo ya mto nao walikuwa wakiusikia mngurumo huo. Maana ulikuwa wakati wa vita. Majabali na fisi walikuwa wakigombania chemchemi, na vita vilikuwa vimedumu mpaka aliyeanza kuyatibua maji hakumbukwi tena. Fisi wakisikia Nguuuuru, hutikisa vichwa na kuambizana, "Bado yumo." Wanarudi kulala.

Katika nyumba ya mfalme alikuwamo mpishi, naye ni Pimbi. Mfupi, mashavu manene, ulimi wembe. Watu walimwita Mama Kombo kwa jina la mwanawe, na mwana mwenyewe alikuwa huyo huyo mmoja. Kombo alikuwa jeshini. Walimweka kivukoni juu ya mwamba, kazi yake kuwatazama fisi na kupiga mbinja. Kila asubuhi, mambo yakiwa shwari, alipiga: Kwiii! Kwiii! Mama yake akiisikia kule jikoni, ndipo huwasha moto. Kabla ya hapo hagusi kuni.

Basi jioni moja jua likagusa mawe. Vyungu vimeiva. Watu wamekaa, vidole vimenawa.

Kimya.

"Labda kapitiwa na usingizi," akasema Kanga, muuza mboga.

"Mfalme hapitiwi na usingizi," akajibu Nyani, ambaye hakuna jambo asilolijua. "Mfalme hufumba macho akafikiri."

"Na atafikiri mpaka saa ngapi? Watoto wangu hao wanalia!"

Ugali ukapoa. Mlenda ukaganda. Giza lilipoingia, wengine walifunua vyungu vyao polepole, wakala huku wameinamisha vichwa kama wezi. Wengine walilala na njaa. Na hakuna aliyelala kabla ya kuuliza: mfalme ana nini?

Ndani, mfalme alikuwa amelala chali mkekani, kinywa wazi, mwili moto kama jiwe la jikoni. Jipu lilikuwa limemwota kooni. Halikuwa mkuki wa adui wala uchawi. Jipu. Sauti yake ilikuwa imebaki kama bawaba isiyotiwa mafuta.

"Mama Kombo," akakwaruza, "sauti imekwenda."

"Itarudi, Mwinyi. Kunywa uji."

"Fisi nao leo hawakunisikia. Kesho wasiponisikia watavuka. Wakivuka, wa kwanza kumkuta ni nani?"

Pimbi alikoroga uji. Alikuwa anamjua wa kwanza. Alimzaa mwenyewe.

"Usiwaache wajue," akasema Simba. "Niapie."

"Naapa, Mwinyi. Sasa nyamaza, unajichuna koo."

Mila ilikataza mtu yeyote kumwona mfalme akila au akiwa amelala, isipokuwa mpishi wake. Kwa hiyo siri ilikuwa na watu wawili tu, na mmoja wao hana sauti.

Pimbi akakaa jikoni akafikiri. Kisha akakumbuka mtungi wa bibi yake. Ulikuwa mtungi mkubwa wa udongo, mdomoni umewambwa ngozi ya kenge, na katikati ya ngozi umepitishwa ukambaa, yaani kamba nyembamba ya kusuka. Ukilowesha mikono ukauvuta ule ukambaa, mtungi unanguruma. Enzi za bibi yake, chui akija pangoni kunusa watoto wa pimbi, bibi huvuta mara moja tu, na chui huondoka mkia ukiwa katikati ya miguu. Pimbi ni wadogo, wanangu. Mdogo asipokuwa na meno huwa na mtungi.

Kesho yake jua likagusa mawe. Watu wamekaa, shingo zimerefuka. Pimbi akajifungia ndani, akachovya mikono kwenye maji, akavuta.

Nguuuuuuuru!

Kwa! kwa! kwa! Vifuniko viliruka. Watu wakakumbatiana. Mwingine alilia machozi ndani ya mchuzi. Ng'ambo ya mto fisi wakaambizana, "Kumbe yumo," wakarudi kulala.

Lakini wakubwa si rahisi kuridhika kama wadogo. Kabla hata ya vyombo kuoshwa, mlango ukagongwa, gogogo!

"Nani huyo anavunja mlango wa watu?"

"Chui, mkuu wa walinzi. Na Jemadari Nyati yuko nami. Fungua, Mama Kombo, tunataka kumwona mfalme."

"Mfalme anaoga."

"Jana alikuwa wapi?"

"Jana alikuwa anajiandaa kuoga."

Nyati akakohoa. Alikuwa mkubwa, mkweli, na mzito wa kufikiri. "Dada yangu, mimi sitaki maneno. Ila sauti ya leo ilikuwa kama ina maji ndani yake."

"Ana mafua, Jemadari. Wewe na pua hizo kama mapango mawili hujawahi kupata mafua?"

"Nimewahi," Nyati akakiri.

"Ulinguruma vizuri?"

"Mimi sinaguru... simnguru..." Nyati akachanganyikiwa.

Chui hakuwa mtu wa kuchanganywa. Huyu alikuwa na jicho lake kwenye kiti cha enzi, na jicho hilo halikuwa linalala. Akabana pua kwenye ufa wa mlango, akanusa. "Nasikia harufu ya dawa."

"Na mimi nasikia harufu ya mtu anayetaka kuwa mfalme," akasema Pimbi. "Ngoja nimwambie mwenyewe, aje amnuse na yeye."

Akavuta ukambaa kwa nguvu zake zote. NGUUUURU! Chui aliruka kutoka hapo mpaka juu ya paa la jirani, akavunja vigae, akabaki huko amekumbatia kilele. Nyati alipiga magoti pale pale vumbini: "Tusamehe, Mfalme! Oga salama!"

Pimbi alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kanga. Naam, na alikuwa na haki ya kucheka. Wakubwa wawili wenye pembe na kucha, wamekimbizwa na chungu! Mkiniuliza mimi, angeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kulalia.

Lakini siku zikaenda, na mfalme haonekani. Anasikika tu. Na watu wakisikia bila kuona, ndimi zinawasha.

Kwenye jiwe la kusagia maneno yalikuwa mengi kuliko unga.

"Amekufa zamani," alisema Nyani. "Yule anayenguruma ni mdogo wake, ameletwa kwa siri. Mimi nimemwona kwa macho yangu."

"Juzi ulisema amepelekwa kwa waganga ng'ambo ya milima, ukasema pia umemwona kwa macho yako," akamkumbusha Kanga.

"Macho ni mawili, shoga yangu. Moja lilimwona kule, la pili huku."

Wakaangua kicheko. Kisha Kanga akashusha sauti. Yeye alikuwa mtu wa soko, anajua nani ananunua nini. "Mimi sisemi amekufa. Nasema hivi: Mama Kombo siku hizi hachukui nyama. Anasaga mtama tu, tena laini, laini kama wa mtoto. Simba gani anakunywa uji? Yule baba anaumwa, na maradhi yake yako kooni. Kwa nini wasituambie tu tukamwombea?"

Maskini, alikuwa amesema kweli tupu, na kwa huruma. Na kweli hiyo ikafika masikioni mwa Chui kabla unga haujajaa kikapu.

Chui alikuwa bado ana hasira ya lile paa. Alitoa amri: atakayetaja maradhi ya mfalme wakati wa vita ni jasusi wa fisi. Kanga akakamatwa, akapelekwa uwanjani, na Pimbi akaitwa aje aseme mbele ya watu.

"Mama Kombo, mtama laini unaousaga ni wa nani?"

Pimbi alimtazama Kanga. Walikuwa wakiazimana chumvi miaka mingi. Kanga naye alimtazama, akanyanyua nyusi kidogo, kama kusema: sema, shoga, tumalize.

Na Pimbi akakumbuka mwamba wa kivukoni.

"Ni wangu," akasema. "Nina tumbo. Huyu mwanamke ni mropokaji, anajulikana."

Walimnyonyoa Kanga manyoya yote ya shingo na kichwa, mchana kweupe, watu wakitazama. Mpaka leo hayajaota, nenda kamtazame. Alipoachiwa alipita mbele ya Pimbi, akasimama.

"Kumbe una tumbo," akasema. "Pole."

Tangu siku hiyo hakuja tena kuazima chumvi, na Pimbi hakuweza kwenda.

Mfalme naye hakupona. Asubuhi moja, Kombo alikuwa ameshapiga mbinja yake, Kwiii! Kwiii!, na moto umeshawaka. Pimbi akaingia na bakuli la uji. Simba alimshika mkono kwa kucha zilizolegea.

"Wamekula jana?" akanong'ona.

"Wamekula wote, Mwinyi."

"Vizuri." Akafumba macho. Uji ulipoa bakulini.

Pimbi alikaa naye kitambo. Akamfunga taya kwa kitambaa, akamnyoosha miguu, akamfunika shuka. Hakulia. Kilio cha pimbi mnakijua, kinapasua mawe, na nje kulikuwa na walinzi. "Siku chache tu," akajiambia. "Nitanguruma siku chache, jeshi lirudi, Kombo arudi, halafu nitasema." Watu wote wanaodanganya huwa na hizo siku chache.

Mchana wa siku hiyo hiyo kukatokea kelele njiani. Watoto wanakimbia, mbwa mwitu wanabweka. Fisi ameingia mjini!

Hakuwa na mkuki. Alikuwa fisi mwanamke, mzee, anachechemea, mkeka kwapani na kikapu cha unga kichwani. Jina lake Bi Nyamvula. Nyuma yake walikuja fisi wanawake wengine wachache, wamefunga kanga viunoni kama watu waendao msibani.

Chui na Nyati wakamzuia mbele ya nyumba ya mfalme. Watu wakajaa.

"Unataka nini, mla mizoga?" Chui akafoka.

"Hamjambo, wanangu," akasema Bi Nyamvula. "Kwetu tumesikia maneno. Wengine wanasema mfalme wenu anaumwa, wengine wanasema amefariki. Sisi hatujui. Lakini ng'ambo ya mto na huku tuna mila moja: mkeka wa matanga ukitandikwa, mikuki hulazwa. Hakuna anayepigana juu ya msiba. Kama mfalme yupo, tumwambie pole. Kama hayupo, tumekuja kukaa nanyi chini. Na tukishakaa chini pamoja, kuinuka tukipigana ni kazi. Wanangu wawili wamekwisha kwenye hayo maji. Mimi nimechoka, na wenzangu wamechoka."

Hata Nyati alilainika. "Maneno ya mama huyu..." akaanza.

"Fisi na msiba!" akapaza Nyani kutoka nyuma. "Tangu lini fisi akaenda msibani kumlilia maiti? Anakwenda kumla!"

Watu wakacheka. Ha! ha! ha! Bi Nyamvula akangoja wamalize. Alikuwa ameuzoea huo mzaha.

"Cheka, mwanangu," akasema. "Lakini nijibuni. Mfalme wenu mzima au si mzima?"

Macho yote yakageukia mlango.

Nyuma ya mlango Pimbi alikuwa amesimama, mikono inavuja maji. Kila neno alikuwa amelisikia. Upande mmoja mfalme chini ya shuka, upande wa pili mtungi. Mkono wake ulikwenda kwenye komeo. Naam, ulilishika komeo kabisa. Angelivuta, mkeka ungetandikwa, mikuki ingelazwa, na Kombo angeshuka kutoka kwenye ule mwamba.

Lakini alikuwa ameapa. Na pimbi tangu utotoni hufundishwa mambo mawili: ogopa kivuli cha tai, na usimwamini fisi. "Akiuona mwili wa mfalme, atawaita wenzake usiku huu huu," akajiambia. "Chozi la fisi ni mate." Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hakuwahi kukaa na fisi hata mmoja akamtazama akilia.

Akaliachia komeo. Akaushika ukambaa.

NGUUUUUURU!

Bi Nyamvula alirudi nyuma, kikapu kikamwanguka, unga ukamwagika vumbini. Alitazama ule unga. Kisha akainama, akakunja mkeka wake polepole.

"Basi ni mzima," akasema. "Na hivyo ndivyo anavyomjibu aliyekuja kumpa pole. Haya. Nitawaambia wenye mikuki kwamba nilijaribu."

Akageuka, akachechemea njia aliyokuja.

Nyati akawageukia watu. Alikuwa mtu mkweli, nimeshawaambia, mzito wa kufikiri lakini mwepesi wa kutii. "Mmesikia?" akapaza sauti. "Mfalme amekasirika! Adui ameingia mpaka mlangoni kwake. Hiyo ni amri. Leo tunavuka mto!"

"Tunavuka!" watu wakaitikia.

Ndani, Pimbi akashika kichwa. Si hivyo! Nani kasema mvuke? Tulieni! Akaurukia mtungi, akavuta tena, ili awazuie.

NGUUUURU!

"Anasisitiza!" akalia Nyati. "Upesi!"

Akavuta tena, machozi yanamtoka. NGUUUURU! NGUUUURU! Na kila alipovuta, nje walishangilia zaidi, ngoma zikachanganya, miguu ikaanza kupiga ardhi, gu! gu! gu! Mtungi ule ulikuwa unajua kunguruma tu, wanangu. Haukujua kusema rudini.

Angeweza kutoka. Mlango ulikuwa ule ule, komeo lile lile. Lakini aliwaza: nikitoka sasa, Chui atanichana vipande mlangoni, na amri nani ataibadilisha? Aliwaza: Kombo ni mlinzi, si mpiganaji, atabaki juu ya mwamba. Aliwaza hivi, aliwaza vile, na alipomaliza kuwaza vumbi la jeshi lilikuwa limeshatua.

Kulipokucha, Pimbi alikuwa amekaa mbele ya mafiga, kuni mkononi. Anangoja.

Ndege wakaimba. Jogoo wa jirani akawika. Jua likapanda juu ya mawe, likaingia dirishani, likafika miguuni pake.

Akangoja mbinja. Kwiii moja tu ingetosha. Hata hafifu, hata ya kukwaruza.

Moto haukuwashwa siku ile.

Karibu na adhuhuri watu wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Mwisho akaja Nyati. Pembe yake moja ilikuwa imevunjika. Akaja moja kwa moja mpaka mlango wa mfalme, akapiga magoti palepale alipopiga siku ile ya paa.

"Mfalme," akasema, "tumevuka kama ulivyoagiza. Walikuwa wakitungoja. Wamekufa wengi wao na wengi wetu, na chemchemi imejaa damu, haifai tena kwa yeyote." Akavuta pumzi. "Yule mtoto wa mpishi wako, yule wa mwambani. Alipoona tunazingirwa alipiga mbinja kutuonya. Angenyamaza wasingejua alipo. Hakunyamaza. Alipiga mpaka walipomfikia. Kama si yeye nisingefika hapa. Mfalme, mlilie. Mila inataka mfalme awalilie waliokufa kwa neno lake. Watu wako hapa, wanangoja."

Kweli walikuwapo. Uwanja mzima, vichwa chini. Wanangoja mngurumo.

Ndani Pimbi aliutazama mtungi. Maji yalikuwa yako pale pale kwenye beseni. Angeweza. Na fikiria, wanangu, amlilie mwanawe kwa sauti ya kuazima, na ukambaa ule ule uliomwua!

Akafungua kinywa chake mwenyewe.

Kwiiiiiii! Kwiiii! Kwiiiiiiiiii!

Kilio kile kilipanda juu ya paa, kikapiga mawe, kikarudi. Kilio cha pimbi, si cha simba. Uwanjani watu waliinua vichwa. Hakuna aliyeuliza ni nani. Kanga peke yake, kwa shingo yake tupu, alisogea mbele, akafika mlangoni.

"Fungua, shoga," akasema. "Basi tena. Fungua."

Komeo likalia. Pimbi akatokea, mtungi mikononi. Aliuweka chini mbele ya Nyati.

"Vuta huo ukambaa, Jemadari."

Nyati akavuta kwa ukwato mkavu. Mtungi ukakwaruza, nguu. Nyati aliachia kana kwamba umemwunguza. Alitazama mtungi, akatazama mlango, akatazama mikono midogo ya Pimbi. Akaanza kuelewa, taratibu, kama alivyoelewa mambo yote, na uso wake mzima ukaporomoka.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Mfalme alikufa jana asubuhi, kabla yule mama hajaja na mkeka. Jipu la kooni. Kanga alisema kweli, nami nikamwita mropokaji. Yule fisi alikuja na matanga, nami nikamngurumia. Nilitaka mwanangu arudi."

"Mwuaji!" Chui akaruka mbele, kucha nje. "Kiti kiko wazi, na huyu ni wangu!"

"Rudi nyuma," akasema Nyati, wala hakupaza sauti. Chui akatazama ile pembe iliyobaki, akarudi nyuma.

"Mtanifanya mtakalo," akasema Pimbi. "Sitakimbia, nina miguu mifupi na sina pa kwenda. Lakini kwanza mtu avuke mto. Amwambie Bi Nyamvula msiba upo. Amwambie pia kwamba aliyemfukuza anamwomba alete ule mkeka, ingawa umechelewa."

"Nitakwenda mimi, Mama Kombo," akasema Nyati.

Aliposikia jina hilo, Pimbi alishika mwimo wa mlango, akasimama hivyo kidogo. Kisha Kanga akamshika mkono.

Jioni ile jua lilipogusa mawe hakuna aliyenguruma. Watu walitazamana, kisha mmoja akafunua chungu chake, na mwingine wake, bila kishindo. Wakala, kwa kuwa waliobaki hai lazima wale.

Na shikeni hili moja: kweli ikifichwa ili kumkinga mmoja, huja kumwua hata yule mmoja.

Pimbi hakula. Alirudi ndani mara ya mwisho, akainua bakuli la uji uliolala, akamfunika mfalme shuka vizuri ili nzi wasimguse. Akatoka nje, akaufunga mlango.